Tumbo la Baba Wendy

Maombi ya Mzee Hezekiah yalijulikana Mweiga nzima kwa urefu. Mzee huyo wa kanisa hakujua kuombea chakula tu. Alianzia kwa mvua, akapita kwa serikali, akawakumbuka watoto wa shule na wagonjwa wa hospitali zote, na ndipo, ikiwa mchuzi ulikuwa haujaganda, akafika kwenye sahani. Siku hiyo alikuwa na sababu ya kuyarefusha zaidi, kwa kuwa sebuleni kwa Theuri walikuwa wameketi wageni kutoka Timau, Mzee Kinoti na mkewe Kathambi, waliokuja kwa mara ya kwanza kuwaona wazazi wa Wendy. Kijana wao Jesse alitaka kumwoa Wendy, na Wendy alikuwa amekubali zamani, kabla hata ya kuulizwa vizuri.

Theuri alikuwa amefumba macho kama wengine. Alikuwa amewekwa mbali na mlango, kati ya kaka yake Kingori na Mzee Kinoti, kwenye kiti ambacho mkewe Wacera alikuwa amekitandikia kitambaa cheupe kwa sababu ni kiti cha mwenye boma. Mzee Hezekiah alipofika kwa watoto wa shule, tumbo la Theuri likaguna. Alipofika kwa wagonjwa, likajikunja. Theuri akajikaza, jasho likamtoka kwenye paji la uso ingawa ilikuwa Julai na baridi ya Aberdare ilikuwa imeingia mpaka ndani ya vikombe. Kisha ukamjia ule msokoto alioujua, ule usiobembelezwa. Akafumbua macho, akainuka, akaruka miguu ya Kathambi, akapiga kikumbo meza ya maji, akatoka. Mzee Hezekiah akaendelea kuomba kama kwamba hakuna lililotokea.

Amina ilipoitikiwa, watu wote waliangalia kitambaa cheupe kilichobaki peke yake kitini. Wacera akaona aibu inamjia mbio, akasema neno la kwanza lililofika mdomoni.

"Ameitwa kwa jirani. Kuna ng'ombe inazaa vibaya."

Kwa watu wa Mweiga huo ulikuwa udhuru wa heshima kabisa. Ng'ombe wa maziwa akizaa vibaya, hata mchungaji wa kanisa hukatiza mahubiri. Lakini watu wa Timau ni watu wa ngano, na Kathambi hakuona ni ng'ombe gani huyo wa kumfanya mwanamume aruke miguu ya mkwe wake katikati ya maombi. Theuri hakurudi mpaka wageni walipokuwa wakiagana karibu na gari. Alikuja akiwa amepauka, mikono ikinuka sabuni. Kathambi akampa ncha za vidole, akaangalia mikono ya shati lake, safi, kavu, bila hata tone, kisha akaangalia viatu vyake.

"Na hiyo ndama, imetoka?" akauliza.

Theuri hakujua ni ndama gani. "Ndama?" akasema.

"Basi," Kathambi akasema, akaingia garini.

Theuri hakuwa na dharau hata chembe. Mtu yeyote aliyemjua angekuambia hivyo. Tatizo lilikuwa utumbo wake mpana, ambao ulikuwa umeota vidonda visivyopona moja kwa moja. Vililala, vikaamka, vikalala tena. Kabla ugonjwa haujapata jina, alikuwa ametibiwa taifodi na ameba mara nyingi hivi kwamba muuza dawa wa Mweiga alipomwona tu akiingia, mkono ulikuwa tayari kwenye rafu. Ilipofika mahali pa kutoa damu ndipo alipopelekwa Nyeri, akaingizwa kamera, akaambiwa ni kolaitisi, ugonjwa wa kuishi nao.

Lakini hilo halisemwi mbele ya wakwe. Kwa watu wa kwao, mkwe ni mtu wa kuvaliwa koti. Mbele yake mtu hata kamasi hapengi kwa sauti, sembuse kutaja choo.

* * *

Wendy alifanya kazi katika duka la miwani mjini Nyeri. Jumamosi iliyofuata alifika nyumbani akiwa amevimba macho, akaweka mkoba mezani bila kusalimia.

"Mamake Jesse amekataa?" Wacera akauliza.

"Hajakataa. Afadhali angekataa." Wendy akamgeukia baba yake. "Daddy, anasema uliacha maombi juu ya ng'ombe, na hata hiyo ng'ombe haikuwa. Anasema hutaki Mmeru kwa hii boma."

"Mimi?" Theuri akasema. "Mimi nimesema hivyo lini?"

"Watakuja ruracio. Mzee Kinoti amemwambia lazima waje. Lakini mamake anasema wataangalia pembe. Ukikunywa, sawa. Usipokunywa, wanabeba vitu vyao wanarudi Timau, na hiyo maneno imeisha."

Kila mtu chumbani alijua maana ya pembe. Siku ya ruracio, yaani ya kuleta mahari, watu wa kijana huja na muratina yao, ile pombe ya asali. Msichana huitwa mbele ya pande zote mbili akaulizwa kama inywewe au irudishwe. Akikubali, huonja kidogo, kisha huipeleka kwa baba yake katika pembe. Baba akinywa, mambo yamekwisha. Asiponywa, hakuna anayeuliza sababu. Vibuyu hubebwa vikarudi vilikotoka.

"Wacha tu nimwambie Jesse ukweli," Wendy akasema. "Ni ugonjwa. Si aibu."

"Umwambie nini?" Wacera akadakia. "Ati baba yako anahara? Uambie wakwe hivyo? Ngai! Si hata afadhali ng'ombe!"

"Mami, ng'ombe ndiyo imetuleta hapa."

Kingori, ambaye hakuwa mtu wa kukosa neno penye shida ya mwenzake, alikuwa amekuja kuchukua dawa ya kunyunyizia viazi. Akakohoa. "Mimi ndiye mkubwa wa huyu. Baba yetu akiwa ameenda, mimi ndio baba. Nitakaa kwa kiti, nitakunywa. Theuri akae huko nyuma na wachoma nyama, karibu na mahali pake. Tutasema ako na homa."

Wacera akaangalia chini. Wendy akamwangalia baba yake, akingoja akatae. Na Theuri, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumwachia Kingori hata jembe bila ugomvi, akasema haraka, "Sawa. Hiyo ni sawa."

Nafuu ilimjia palepale mwili mzima, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Kisha akaona uso wa binti yake. Wendy alichukua mkoba, akasema atachelewa kurudi mjini, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi.

* * *

Theuri alitoka nyuma ya nyumba, akaenda kusimama mahali pa moto. Nyasi zilikuwa zimeota kwenye jivu la zamani.

Kulikuwa na wakati ambapo hapakuwa na sherehe bila yeye. Kuanzia Endarasha hadi Kiganjo, mtu akipanga arusi au ruracio, alimwalika mchungaji kwanza, kisha akamtafuta Theuri wa mutura. Yeye ndiye aliyejua kusafisha matumbo ya mbuzi yakawa meupe bila kutoboka, akayageuza, akayajaza nyama na damu na vitunguu na dhania, akayafunga na kuyazungusha juu ya makaa bila hata moja kupasuka. Wanaume walikaa wakimzunguka katika moshi, makoti mabegani, wakisimuliana uongo wa ujana wao. Walikuwepo waliokwisha kufa sasa, Wambugu wa lori na Dedan aliyechekesha watu mpaka msibani. Theuri alikata, akaonja, akagawa, akala. Alikula mafuta, alikula pilipili, alikunywa supu ya kichwa ikiwa moto bado. Siku hizo tumbo lake lilikuwa mahali pa kuweka chakula tu. Hakuwahi kulifikiria.

Na Wendy alikuwa akija. Wasichana walifukuzwa pale, lakini yule alikuja na buti zake nyekundu za mvua, akasimama mbali kidogo, akiangalia miti kama kwamba ndiyo iliyomleta. Jina lake la nyumbani lilikuwa la mama yake Theuri, kwa hiyo Theuri alimwita maitu, yaani mama yangu. "Maitu amekuja kukagua kazi," alikuwa akisema, na wanaume walisogea, mtoto akapewa kipande. Theuri aliikumbuka ile mikono midogo iliyojaa mafuta, na roho ikamuuma. Angetoa shamba lote la viazi arudishiwe jioni moja tu ya namna hiyo.

* * *

Wiki hiyo alikuwa na miadi na daktari wake, Watiri, dada mwenye sauti ya chini aliyekuwa na kliniki Nyeri mjini. Wacera akafuatana naye. Walipita mbele ya hoteli walimokuwa wakinywa chai na maandazi wakati wa uchumba, siku ambazo Theuri alimaliza yake na kummalizia Wacera. Sasa ilikuwa duka la simu. Wacera akamgusa kiwiko, naye Theuri akatikisa kichwa kwamba ameona.

"Dawa unameza?" daktari akauliza.

"Nameza yote. Hata uchafu ya damu imeisha." Theuri akasita. "Lakini kuna kitu sielewi. Nikiwa na ng'ombe zangu, hakuna shida. Nikiwa kwa shamba, hakuna. Nikisikia gari ya mgeni kwa geti, naanza. Hata kabla hajashuka. Na nikijua kuna safari, nakaa bila kukula tangu jana yake, na bado inaniendesha."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa hiyo kuendeshwa."

Daktari akacheka kidogo, kwa upole. "Sasa umenieleza wewe mwenyewe. Mzee, kutoka kwa matumbo mpaka kwa ubongo kuna mishipa ya fahamu, na zinapeleka habari mchana na usiku. Matumbo ikiwa na kidonda, inaambia ubongo, na ubongo inakosa raha. Ubongo ikiogopa, inaambia matumbo, na matumbo inakaza, inasukuma. Moja inaamsha ingine."

Wacera alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Kwa hivyo ni kichwa? Daktari, kwetu na kwao hakuna mtu ameugua kichwa."

"Sijasema hivyo, mama. Vidonda tuliviona kwa kamera, mimi na wewe tuliangalia picha. Ni vya kweli. Hofu haikuvileta peke yake. Lakini inavichokoza, na hata vikilala, hiyo hofu inaendelea kusumbua matumbo." Akamgeukia Theuri. "Unacheka siku hizi?"

Theuri akaangalia dirishani, akatafuta lini alicheka mara ya mwisho, akajikuta yuko kwa Dedan, na Dedan alikuwa amezikwa zamani. Machozi yakamlengalenga, akajifanya anasoma kalenda ya ukutani.

"Hata hiyo ni ya ugonjwa," daktari akasema taratibu. "Watu wengi wenye hii shida wanakosa furaha. Kuna mshauri hapa nyuma, nataka umuone. Na usikae njaa. Kula kidogo kidogo. Na wale watu unaogopa, kuna mtu amewaambia uko mgonjwa?"

Mume na mke hawakutazamana.

"Hao ni wakwe," Wacera akasema, akiamini amemaliza kueleza.

"Dawa ya uvimbe nitaandika. Ya kujificha sina."

"Na nikionja muratina?" Theuri akauliza ghafla. "Kidogo tu?"

"Kuonja, sawa. Kujaza tumbo, hapana. Na siwezi kukuahidi hutaenda choo siku hiyo. Pengine utaenda. Wengine pia wataenda."

Nje, Wacera akamshika mkono kabla hawajavuka barabara. "Hii maneno ya ubongo, usimwambie Kingori," akasema. "Atatangaza Mweiga yote kwamba umerukwa na akili."

* * *

Asubuhi ya ruracio ukungu ulikuwa umekaa juu ya nyumba na haukuonyesha nia ya kuondoka. Theuri alikuwa amekunywa uji kikombe kimoja, kama alivyoambiwa. Alivaa koti la zamani, akaenda nyuma kwa wachinjaji, mahali alipopangiwa.

Mutahi, mwana wa Kingori, alikuwa akimburuta mbuzi kwa pembe huku wenzake wakimsukuma kwa nyuma na mbwa akibweka. Mbuzi alitoa macho. Aliponusa kisu, akajiendea palepale, majimaji, mpaka kwenye viatu vya Mutahi. Vijana wakaangua kicheko.

"Mwachilie," Theuri akasema.

"Mzee, tumechelewa, wageni wako Nanyuki."

"Nimesema mwachilie. Toeni huyo mbwa." Akachukua majani ya viazi vitamu, akamsogelea mbuzi, akamkuna chini ya pembe kama alivyokuwa akifanya siku zake. "Mbuzi ikiogopa, matumbo yake inajikaza na inatoa kila kitu. Huwezi kutengeneza mutura ya maana hapo. Hebu itulie kwanza. Haina ugonjwa, hii. Ni hofu tu, imeshuka ikafika..."

Mkono ukabaki juu ya shingo ya mnyama. Alikuwa amewaambia vijana maneno hayo miaka nenda miaka rudi, na ilibidi daktari amweleze ofisini kama habari mpya. Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichotokea puani, lakini kilikuwa kicheko, na Mutahi akamwangalia kwa wasiwasi.

Mbuzi alipotulia, kazi ikafanywa. Theuri akakunja mikono ya shati, akaomba karai na maji ya vuguvugu, akaanza kusafisha matumbo. Vidole havikuwa vimesahau kitu. Moshi ulipanda, mtu akaanza hadithi ya uongo, na kwa muda ilikuwa kama zamani.

Kingori akatokea, suti nyeusi, kofia ya manyoya, fimbo mkononi. "Umeanza kujichafua?" akasema. "Haya, jichafue tu. Leo hakuna mtu atakuangalia."

Vijana wakaangalia moto. Theuri akaendelea kuosha, lakini mikono yake ilikuwa imepungua kasi.

* * *

Wageni walifika wakiimba, wakafunguliwa geti baada ya utani mrefu wa akina mama, wakakaribishwa chini ya hema. Watu wa Timau walikaa upande mmoja na vibuyu vyao na mtungi wao wa asali, watu wa Mweiga upande wa pili. Kwenye kiti chenye kitambaa cheupe alikuwa Kingori, ameshika fimbo kana kwamba ni yeye aliyemzaa Wendy. Theuri alisimama mwisho kabisa, hema lilipoachia njia ya kwenda nyuma ya nyumba.

Kathambi hakuchukua muda kumwona. Akamnong'oneza mumewe, naye Mzee Kinoti akainua macho, akayashusha. Uso wa Jesse ukamshuka pia.

Mzee Hezekiah ndiye aliyekuwa msemaji wa boma. Akamwita Wendy katikati. Msichana akaja, shuka begani.

"Hawa watu wamekuja na kinywaji yao," Mzee Hezekiah akasema. "Sisi hatuna kiu. Ni wewe tunauliza. Tukunywe, ama warudi nayo?"

"Mkunywe," Wendy akasema.

Vigelegele vya upande wa Mweiga vikapaa. Muratina ikamiminwa kwenye pembe, akapewa. Akaonja. Kingori akakohoa, akaegemeza fimbo, akanyoosha mikono yote miwili.

Wendy akamkaribia mpaka karibu kabisa. "Nisamehe, baba mkubwa," akasema, akainama kidogo kwa heshima, akampita. Akatembea katikati ya viti, pembe mkononi, kuelekea mwisho wa hema. Watu wakageuza shingo. Kingori akabaki na mikono hewani, kisha akaitumia kurekebisha kofia.

Theuri alimwona akija na tumbo likaamka. Lilijikunja mara moja, kwa nguvu, na jasho likamtoka. Akamwona Wacera akimwonyesha kwa macho aondoke, aondoke sasa hivi, yeye atatafuta neno la kusema. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshageuka.

"Kwani ng'ombe imezaa tena?" Kathambi akauliza, kwa sauti ya kusikika.

Wengine walicheka. Wendy hakucheka. Alikuwa amesimama mbele yake, macho yamejaa, akiinua pembe.

"Hakuna ng'ombe ilizaa, Mama Jesse," Theuri akasema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Siku hiyo nilikuwa choo. Mama Wendy aliona aibu kusema, na mimi niliona aibu kusema. Niko na ugonjwa ya matumbo, haiponi. Na nikiogopa inanishika zaidi. Nyinyi watu wa Timau mnaniogopesha sana, kwa sababu huyu msichana ni wangu na naona mnamchukua, na sitaki mmkose juu yangu."

Mzee Hezekiah alikuwa amefungua mdomo na hakuna lililotoka. Wacera alijifunika uso kwa leso.

"Hata saa hii imenishika," Theuri akasema. Akamgeukia binti yake. "Maitu, nitarudi. Ningojee."

Akaondoka. Hakukimbia, ingawa Mungu ndiye anayejua ilimgharimu nini kutokimbia.

Chooni alikaa akiwa amefumba macho. Mwanzoni hakusikia kitu kutoka hemani, na ukimya huo ulimuuma kuliko tumbo. Aliwaona kwa mawazo wakibeba vibuyu. Aliikumbuka siku yake mwenyewe ya ruracio, baba yake Wacera akinywa pembe kwa mkupuo mmoja na kupangusa ndevu, na yeye Theuri, kijana mwembamba mwenye suti ya kuazima, akidhani kwamba ubaba ni jambo la namna hiyo, la kupangusa ndevu tu.

Kisha akasikia sauti ya Kingori. "Leta hiyo pembe, Wendy. Watu hawawezi kukaa hivi. Leta nikunywe tumalize."

"Nimeambiwa ningoje," Wendy akasema.

"Atakaa huko mpaka lini?"

"Mpaka amalize."

Theuri akaweka viganja usoni, akalia kwa sauti aliyoizuia kwa mkono wa koti. Alilia, na tumbo likafanya kazi yake, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakuliharakisha. Alipomaliza alinawa mikono, akanawa uso, akatoka.

Hema lilikuwa bado limejaa. Hakuna kibuyu kilichokuwa kimeguswa. Wendy alikuwa amesimama palepale alipomwacha, pembe ikiwa juu, mikono ikimtetemeka kwa kuchoka. Lakini hakuwa peke yake. Kathambi alikuwa ametoka upande wake, amekuja kusimama kando ya msichana, naye alikuwa amemshika kiwiko kwa chini, akikitegemeza ili kisianguke.

Theuri akapokea pembe kwa mikono miwili. Akanywa, kidogo kama alivyoshauriwa, kisha kidogo tena.

"Imechacha sana?" Kathambi akamuuliza kwa sauti ya chini, bila kuangalia viatu vyake safari hii. "Itakuumiza?"

"Ni tamu," Theuri akasema, na vigelegele vikaanzia upande wa Timau.